Rubani Asiyejibu

Sehemu ya Sita

TANGAZO KUU. Kwa wasomaji watukufu wa ukurasa huu, kwa wazazi wao, na kwa paka wao: mwandishi, akiwa na akili timamu na mikono iliyonawa, anaapa kwamba kila neno la sehemu hii ni kweli tupu, na kwamba yeye mwenyewe hahusiki kwa vyovyote na mambo yanayosimuliwa.

Barua kumi na moja zimemfikia mhariri zikiuliza kama ile ndege ya wiki jana imeanguka. Haijaanguka. Imekaa hewani siku saba kwa sababu mhariri hachapishi ila Ijumaa.

Haya, tuishushe.

Kwa waliofungia samaki gazeti la wiki jana, mambo yalikuwa hivi. Chinatsu Hirayasu, mwongoza ndege mwanafunzi, mtoto wa kisiwa hiki, alikuwa mnarani akifanya mtihani wa leseni kwa mara ya tatu. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Akifeli, anapelekwa bara kugonga mihuri kwenye vibali vya maegesho ya magari mpaka nywele ziote mvi. Mama yake, kwa imani iliyopita kiasi, alikuwa ameshaloweka maharage mekundu ya wali wa sherehe.

Nyuma yake alisimama mtahini, Bwana Uemura, karatasi yake ya alama ameilaza mezani. Kanuni zilimkataza kumsaidia mtahiniwa hata kwa kukohoa.

Mapema asubuhi hiyo wanafunzi wa shule ya bweni ya kilimani walikuwa wamezuru mnara. Watoto wenye adabu sana. Hawana kazi yoyote katika hadithi hii, na naomba msiwafikirie tena.

Saa nne na dakika sita ndege ndogo ya abiria thelathini na sita ikaita kutoka upande wa bahari. Rubani, Kapteni Nagamine, akasema anakuja kutua, na kwamba ana mafuta ya kuzunguka mara mbili tu kabla ya kulazimika kurudi bara. Chinatsu akavuta kiti karibu na meza. Halafu akafanya kile ambacho kila mtu wa kazi nchini hapa hufundishwa, kuanzia dereva wa treni hadi mpakia mizigo: unanyoosha kidole kwenye kitu, unakitaja kwa sauti, ndipo unaamini.

"Upepo, safi! Njia, safi!"

Akatoa ruhusa ya kutua.

Kidole kilikuwa kimefika kwenye njia. Mdomo nao ulifika. Macho ndiyo yaliyochelewa, na yalipofika yalimkuta Mzee Shigezo, mkata nyasi wa uwanja, katikati kabisa ya njia ya kurukia, juu ya trekta lililozimika.

Hapo ndipo tulipoachana.

"Zunguka!" Chinatsu alipiga kelele. "Usitue! Kapteni Nagamine, zunguka!"

Kimya.

Rubani akipewa amri hupaswa kuirudia neno kwa neno. Asiporudia, hujui kama amesikia. Chinatsu akasubiri sekunde mbili, kila moja ndefu kama hotuba ya mkuu wa shule.

"Zunguka! Nijibu!"

Kimya kilekile.

Pale mnarani redio huendeshwa kwa mguu. Ukikanyaga pedali chini ya meza, unasikika. Ukiiachia, unasikia. Chinatsu alikanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Pedali ilikuwa laini ajabu chini ya unyayo wake, lakini miguu yake ilikuwa inatetemeka tangu alfajiri, kwa hiyo akailaumu miguu.

"Mwalimu, hanijibu!"

Bwana Uemura akatazama dari. Kanuni ni kanuni.

"Redio yake imekufa," Chinatsu akajijibu. "Hanisikii kabisa. Taa! Taa ya ishara!"

Kila mnara una taa ya ishara kwa siku kama hiyo. Ya kwetu ilikuwa imening'inia mahali pake, imefutwa vumbi, tayari kwa kila kitu isipokuwa kuwaka, kwa sababu kwenye soketi yake kulikuwa kumechomekwa birika la umeme la chai.

"Hilo birika langu linakaribia kuch..." alianza Bwana Uemura, akakumbuka kanuni.

Chinatsu aling'oa birika, akachomeka taa, akaielekeza angani. Nyekundu! Nyekundu! Nyekundu!

Ndege ilikuwa imeshuka kiasi cha kuhesabika madirisha yake. Mzee Shigezo aliinama juu ya usukani. Pua ya ndege ikainuka, injini zikanguruma, tumbo jeupe likapita juu ya trekta na kupanda tena mawinguni.

Mzee Shigezo alisalimika. Kofia yake ya majani iliondoka na upepo wa ndege.

"Ameiona taa!" Chinatsu alijitupa kitini. "Mwalimu, ameiona! Basi ni kweli, redio yake imekufa. Hasikii kitu."

Wasomaji, sentensi hiyo ya mwisho iwekeni mahali salama.

Maana mtu akishaamini kwamba hasikiki, ulimi wake huvua viatu.

"Lakini Kapteni huyu naye," Chinatsu alisema, hofu ikimtoka kwa njia ya maneno. "Kapewa ndege nzima, redio moja imemshinda kuitunza. Si ajabu. Umewahi kusafiri naye, Mwalimu? Akitua, meno ya bandia ya abiria hubadilishana wenyewe."

Bwana Uemura alijaribu kutocheka, akashindwa.

"Nilisoma naye," alisema. Kanuni hazikumkataza kusengenya. "Somo la hali ya hewa alikuwa analala tangu mwanzo mpaka mwisho. Hadi leo akiona wingu analiinamia, anadhani ni mwalimu."

"Bibi yangu akipanda ndege yake hukaa juu ya mito miwili."

"Bibi yako ana busara."

Nje, ndege ilikuwa inageuka juu ya bahari. Ikatikisa mabawa, kushoto, kulia.

"Upepo huko juu," alisema Chinatsu.

Chini, Mzee Shigezo alikuwa ameshuka kwenye trekta na kulipiga teke, kisha akaliomba msamaha, kisha akalipiga teke tena. Nyuma ya mnara, ukungu ulikuwa umeanza kutoka baharini, mweupe na mvivu, ukija kama mgeni asiyealikwa. Ndege ikirudi bara bila kutua, mtihani umekwisha, na mihuri ya maegesho inamsubiri.

Chinatsu akaficha uso mikononi.

"Basi," alisema. "Nimefeli. Nilisema 'safi' na trekta liko mbele yangu. Mama atayafanyia nini yale maharage?"

Bwana Uemura alisogea, akatazama mlango, akatazama ngazi, halafu akanong'ona. Alinong'ona vizuri sana, sentimita chache kutoka kwenye kipaza sauti.

"Binti, sikiliza. Siri hii haijui mtu yeyote duniani. Mimi mtihani huu niliufeli mara nne. Kwangu waliongeza nafasi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyetaka kuja kisiwani."

"Mara nne, Mwalimu?"

"Mara nne. Ukimwambia mtu, nakana."

Simu ikalia.

"Usipokee," alisema Bwana Uemura. "Ni Mama Fumie wa tambi, anataka kujua kama niongezewe yai."

Simu ililia mpaka ikachoka.

Angani, ndege ikatikisa mabawa tena. Safari hii kwa nguvu zaidi, kama mtu anayecheka mpaka mabega yanaruka.

Chinatsu aliinua kichwa.

Alitazama soksi ya upepo pale kando ya njia. Ilikuwa imelala juu ya mlingoti wake kama suruali iliyoanikwa. Hapakuwa na upepo. Wala chembe.

"Mwalimu," alisema polepole. "Alitikisa tulipomsema. Na sasa ametikisa uliposema mara nne."

"Sadfa."

Chinatsu alisimama. Akarudi nyuma hatua tatu, miguu yake mbali kabisa na pedali, mikono ameinua kama aliyekamatwa na polisi. Akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Kapteni Nagamine, kama unanisikia, tikisa mabawa."

Ndege ikatikisa mabawa.

Uso wa Bwana Uemura ulibadilika ukawa wa rangi ya ukungu.

"Kapteni," alisema Chinatsu, "kama umesikia habari za meno ya bandia, tikisa."

Ndege ikatikisa sana.

"Muulize," alisema Bwana Uemura, kanuni zote zimemtoka, "muulize kama amesikia... ile nyingine."

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Ndege ilitikisa mabawa, ikatulia. Ikatikisa, ikatulia. Ikatikisa, ikatulia. Ikatikisa.

Mara nne.

Simu ikalia tena. Bwana Uemura aliipokea kwa mkono wa mtu aliyekata tamaa.

"Bwana Uemura!" Sauti ya Mama Fumie ilijaza chumba. Mgahawa wake uko nje tu ya uzio wa uwanja, na juu ya friji yake kuna redio ndogo ya kusikilizia ndege, kwa ajili ya wale wateja wanaopenda kupiga picha ndege. "Mbona hupokei? Mnasikika! Kila neno! Wateja wameacha tambi zinavimba bakulini! Kapteni hawezi kuwajibu kwa sababu ninyi hamnyamazi!"

"Nashukuru, Mama Fumie."

"Na sisi siku zote tulijua ulifeli mara tatu tu! Hiyo ya nne ulitufichia wapi?"

Bwana Uemura akaweka simu chini taratibu, kama anayelaza mtoto.

Chinatsu alikuwa ameshaelewa. Kama anasikika bila kukanyaga, basi kuna kitu kingine kinachokanyaga. Akainua karatasi ya alama iliyolala pembeni mwa meza. Chini yake, taa ndogo nyekundu ya redio ilikuwa inawaka kwa uaminifu tangu dakika ile alipovuta kiti. Akapiga magoti. Mkono ukaingia gizani chini ya meza, ukashika kitu laini kilichobanwa kati ya pedali na ubao.

Akavuta.

Redio ikalipuka.

"...mara ya tisa, mnara, mara ya tisa, nilizunguka ulipoamuru mara ya kwanza, nikajibu mara ya kwanza, hiyo taa yako niliiona wakati nimeshaanza kupanda." Sauti ya Kapteni Nagamine ilikuwa tulivu na yenye heshima zote, heshima ya kutisha. "Naomba kujulisha kwamba nimebakiwa na mzunguko mmoja. Naomba pia kujulisha kwamba meno ya abiria wote yako kwa wenyewe."

Chinatsu alikanyaga pedali. Safari hii ilikuwa ngumu, kama inavyotakiwa.

"Kapteni, naomba radhi."

"Radhi baadaye, mnara. Njia vipi?"

Chini, trekta lilikuwa limewaka. Mzee Shigezo, aliyesikia kila kitu kwenye redio yake bila kuweza kujibu, alilitoa njiani akipunga mkono kwa fujo. Ukungu ulikuwa umefika kwenye ukingo wa uwanja.

"Njia iko wazi, binti," alinong'ona Bwana Uemura. Kumsaidia mtahiniwa! Lakini siku hiyo hakuwa na heshima iliyobaki ya kulinda. "Mpe ruhusa. Ukungu unakuja."

Chinatsu alisimama wima. Akanyoosha kidole.

"Upepo," alisema. Akatazama soksi. "Safi."

Akahamisha kidole.

"Njia..."

Kidole kikasimama. Mdomo ukasimama. Macho yakatembea polepole kutoka mwanzo wa njia kwenda mwisho, kama mtu anayetafuta sindano.

"Binti, ukungu."

"Si safi," alisema Chinatsu.

"Nini tena?"

"Kofia."

Kweli. Katikati ya njia, pale magurudumu yanapogusa, ilikaa kofia ya majani ya Mzee Shigezo, imetulia kabisa, kama imenunua kiwanja. Kitu kidogo hivyo kikivutwa na panga za injini, wasomaji, hakiwi kidogo tena.

"Kapteni Nagamine, endelea na mzunguko, usitue bado. Kuna kofia njiani."

"Naendelea na mzunguko, sitatua," Kapteni alirudia mara moja. Kisha, "Kofia, umesema?"

"Kofia. Mzee Shigezo, kimbia ukachukue kofia yako!"

"Nilidhani imekwenda Uchina!" ilijibu redio ya trekta.

Mzee wa miaka sabini na miwili alikimbia. Ukungu nao ulikimbia. Bwana Uemura aliandika kitu kwenye karatasi, akakifuta, akakiandika tena. Mzee Shigezo akafika, akaokota, akavaa, akakumbuka mahali alipo, akakimbia tena kutoka njiani huku ameishikilia kwa mikono miwili.

Kidole kikanyooka. Macho yakafika kabla ya mdomo.

"Njia, safi!"

Na ndege ikatua. Nawaambia ukweli: magurudumu yaligusa lami kama mama anavyomlaza mtoto aliyemsumbua usiku kucha. Hapakuwa na mruko hata mmoja. Katika miaka ishirini na sita ya Kapteni Nagamine hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho, na inasemekana bibi mmoja aliyekalia mito aliuliza kama bado wako angani.

"Mnara," ilisema redio. "Mwambie bibi yako aniazime mto mmoja. Huu uliokuwa mgongoni kwangu umechakaa kwa kucheka."

Ukungu ukafunika uwanja wote.

Sasa mnadhani mambo yameisha. Nami ningependa yawe yameisha. Ningependa sana.

Bwana Uemura alivaa miwani yake ya kusomea.

"Saa nne na dakika sita," alisoma. "Mtahiniwa alitamka 'njia, safi' trekta likiwa njiani."

Chinatsu aliinama. "Ndiyo, Mwalimu. Kidole kilifika, macho yakabaki nyumbani."

"Hilo peke yake linatosha kukufelisha."

"Najua."

"Lakini kuna kanuni ya kumi na nne. Chombo cha kazi kikiharibiwa na mtu wa nje, mtihani wote unafutwa, mazuri na mabaya, na unaanza upya kana kwamba haukuwapo." Aliinua kile kitu kilichotolewa chini ya meza. "Na hiki si changu wala chako."

Ilikuwa sapatu ya ndani, ile ambayo watu wa hapa huvaa wakishaacha viatu mlangoni: nyeupe, ya shule, ndogo. Mahali pa jina wino ulikuwa umesuguliwa na kisigino. Kilichobaki kilisomeka: Bweni la Tatu.

"Na yangu ya kushoto haipo," aliongeza Bwana Uemura, akinyanyua mguu wenye soksi. "Ile ya kahawia, yenye tundu kwenye kidole gumba. Nikifanya kazi huwa naivua naiacha chini ya meza. Kila mtu aliyewahi kufika hapa anajua."

"Basi tumempata!"

"Hatujampata. Bweni la Tatu lina watoto arobaini, na kanuni inataka mwenyewe ajitokeze, aseme kwa mdomo wake, kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa ijayo. Asipojitokeza, pedali inahesabiwa kuwa uzembe wa mwongozaji." Alivua miwani. "Na utakwenda bara, binti."

Chinatsu hakulia. Alichukua kalamu, akamrudishia mkononi.

"Hata ukiufuta mtihani," alisema, "hilo la trekta usilifute. Nisije nikalisahau."

"Nimeliandika kwa wino," alisema Bwana Uemura.

Hapo ndipo hadithi ilipotakiwa kukatwa, na mwandishi aende zake kula. Lakini jana Mama Fumie, aliyekuwa ameisoma rasimu ya ukurasa huu akisubiri maji yachemke, alinisimamisha mlangoni pake.

"Hebu nieleze, mwandishi," alisema. "Mambo ya redioni tuliyasikia sote, na ya baada ya ndege kutua Chinatsu mwenyewe alitusimulia, sawa. Lakini soketi ya birika? Mahali Bwana Uemura anapovulia sapatu yake? Wewe umeyaonea wapi?"

Nilimwambia mwandishi mzuri ana njia zake.

"Naona," alisema, akitazama chini. "Na mbona unatembea kama bata?"

Basi. Sikilizeni, maana sitarudia.

Mimi, Iwakiri Sakuya, wa Bweni la Tatu, nilikuwa miongoni mwa wale watoto wenye adabu niliowaomba msiwafikirie. Wakati wenzangu wanaonyeshwa taa ya ishara, niliingia chini ya meza, nikachukua sapatu ya kushoto ya Bwana Uemura na kuacha yangu. Lengo lilikuwa la kitaaluma: nilitaka kujua mtu mzima mwenye cheo hufanya uso gani mguu wake ukikutana na sapatu ya mtoto. Sikujua kwamba kiti kingeisukuma. Sikujua habari za pedali. Kile kiapo cha juu kabisa, kwamba mwandishi hahusiki, naomba mkikate kwa mkasi.

Siku ile nilikuwa kwa Mama Fumie, bila ruhusa, mbele ya bakuli la tambi. Nilicheka na wateja wote, mpaka pale Dada Chinatsu aliposema kuhusu maharage ya mama yake. Tambi zangu sikuzimaliza.

Leo ni Ijumaa. Ni saa kumi na dakika hamsini na mbili. Ninaandika mistari hii kwenye ngazi ya juu kabisa ya mnara, karatasi juu ya goti, na mhariri ataichukua kama ilivyo. Mguu wa kulia nimevaa sapatu nyeupe ya shule. Wa kushoto nimevaa ya kahawia, inayoweza kubeba miguu yangu yote miwili, na kidole changu gumba kinachungulia kwenye tundu.

Nimebisha hodi. Nyayo zinakuja, moja ya sapatu, moja ya soksi.

Mlango umefunguliwa. Bado hajanitazama usoni. Ameanza na miguu.